Honi ya Chai

Jumatatu, 2 Machi 1987

Bwana Valeriani ameondoka asubuhi na gari la mradi kwenda Arusha, na ofisi ya Karatu iko mikononi mwangu hadi arudi. Ameniachia funguo, madumu mawili ya dizeli ya jenereta na kazi moja: honi ya kivuko cha Rhotia ibadilishwe kabla masika hayajakolea.

Naandika mambo kwa utaratibu ili baadaye nisijichanganye. Kwenye korongo, juu kidogo ya kivuko, mradi wetu wa maji ulisimika nguzo yenye boya na sanduku la chuma. Maji yakipanda, boya linapanda. Likifika alama ya arobaini, chipu iliyomo sandukuni inawasha honi ya lori, na watu wanajua wasivuke. Hiyo ilifaa mwaka jana. Kiangazi hiki wanakijiji wamejenga sakafu ya mawe pale kivukoni, na sasa maji ya alama ya arobaini hayafiki hata magotini. Kamati imeomba honi ianze kulia kwenye sitini na tano.

Namba hiyo inabadilishwa kwenye kompyuta ya hapa ofisini. Maagizo ya chipu tunayaandika kwenye faili kwa maneno mafupi mafupi, kisha programu inayoitwa asembla inayageuza kuwa namba ambazo chipu inazielewa. Asembla nayo huagizwa kwa herufi tatu zinazofuata jina la faili. Ya kwanza ni diski ya kusoma. Ya pili ni diski ya kuandikia namba za chipu. Ya tatu ni diski ya kuandikia nakala ndefu ya kusomwa na binadamu. Diski iliyomo kwenye mashine inaitwa A; ukitia Z, mahali hapo haiandiki kitu. Miezi mitatu nimejifunza kwa AZZ: soma, kagua makosa, usiandike chochote. Diski zetu ni chache, dizeli ni ya foleni, na kuandika kwenye diski kunakula muda. Bwana Valeriani husema, "Lukresia, kubana matumizi kunaanzia kwenye vidole."

Ijumaa, 6 Machi

Taa ya kufutia chipu imekufa. Chipu haiandikwi upya mpaka ifutwe kwa mwanga mkali unaopenya kidirisha chake kidogo cha juu. Kitabu kinasema jua kali la wiki nzima linatosha. Nimeibandua chipu ya akiba karatasi inayoziba kidirisha, nikaiweka kwenye kopo la samaki, nikapanda ngazi na kuianika juu ya bati.

Jirani ameuliza naanika nini. Nikamwambia naanika kumbukumbu, isahau ya mwaka jana.

Jumatatu, 9 Machi

Nimewasha jenereta saa tatu. Nikafungua faili ya HONI, nikafuta 40, nikaandika 65. Kisha nikaiita asembla: ASM HONI.AZZ. Kosa moja: nimeruka koma. Nikalisahihisha, nikarudia. END OF ASSEMBLY, yaani kazi imeisha, hakuna kosa. Nikazima jenereta hapo hapo. Dumu la kwanza bado zito.

Jumatano, 11 Machi

Mawingu. Chipu haikupata kitu.

Jumanne, 17 Machi

Chipu imefutika. Nimeiandika na kuilinganisha na faili: sawasawa. Nikaifunga kwenye kitambaa, nikapata lifti ya trekta hadi Rhotia.

Mlinzi wa kivuko ni Mzee Tluway, mtu mrefu wa makamo anayevaa koti la jeshi hata jua likiwaka. Yeye ndiye mwenye ufunguo wa sanduku, kwa sababu hulipaka boya grisi kila Jumamosi. Nyumba yake iko kwenye mwinuko juu ya kivuko, upande wa Karatu, na uani mkewe Germana ana jiko, birika na benchi tatu. Honi ikilia, waliokwama hukaa pale wakinywa chai hadi maji yapungue.

"Shikamoo, aako," nikamwamkia kama wenyeji wanavyomwita mzee wao.

"Marahaba, karani. Umetuletea akili mpya?"

"Nimeileta."

"Na hii ya zamani inakwenda wapi?"

"Inaanikwa juani mpaka isahau."

"Ungenianika na mimi. Yako mengi ningependa kuyasahau."

"Wewe hata hujaanikwa umesahau kuni," Germana akasema kutoka jikoni.

Nimebadilisha chipu, tukafunga sanduku. Nimerudi kwa miguu, sikuchoka. Nilijiona nimefanya jambo.

Jumapili, 22 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Bati la kanisa lilimzidi katekista sauti.

Jumanne, 24 Machi

Mama mdogo Antonia, mdogo wake mama, anauza maharage hapa Karatu na anaishi ng'ambo ya korongo. Leo amefika saa saba, wanunuzi wameshatawanyika.

"Hiyo honi yenu imetusimamisha ng'ambo tangu asubuhi," akasema akitua kikapu. "Maji yenyewe hata bata asingeyaogopa."

"Yalikuwa alama ya ngapi?"

"Nguzo nimeiona mwenyewe. Arobaini na moja, mbili hivi. Si ulisema umeibadilisha?"

"Nimeibadilisha."

"Basi kuna aliyeibadilisha tena. Wewe jiulize. Ikilia jioni tukirudi, tunakaa kwenye benchi za nani? Tunakunywa chai ya nani? Kule Rhotia siku hizi hawaiiti honi ya maji. Wanaiita honi ya chai."

Wenzake waliokuwa wakichambua maharage walicheka. Nilicheka pia.

Ijumaa, 27 Machi

Nimekwenda kivukoni. Mzee Tluway anasema hakuligusa boya ila kwa grisi. Nikamuuliza kama mtu akiliinua kwa mkono honi italia. Akaniangalia kidogo, akasema, "Italia. Hata mbuzi akilisukuma italia. Unamtafuta mbuzi?"

Chipu iliyotolewa ipo juu ya bati. Jua linatoka saa moja, linajificha.

Jumapili, 29 Machi

Mvua.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua asubuhi, jua kuanzia saa nane. Nimepanda ngazi mara mbili kuinua na kushusha kopo. Jirani sasa akiona wingu ananiita mwenyewe: "Dada Lukresia, kumbukumbu yako inalowa."

Alhamisi, 9 Aprili

Chipu ya pili imefutika. Safari hii nimekuwa mwangalifu kupita kiasi. Nimefungua faili, nimeisoma mstari kwa mstari: 65 iko pale pale nilipoiandika. Nimeendesha asembla kwa herufi zile zile nilizozizoea. END OF ASSEMBLY. Nimeandika chipu, nimeilinganisha na faili, nikairudia kuilinganisha: sawasawa mara mbili. Nikaipeleka kivukoni, nikaifunga mwenyewe.

Kama itakosea tena, basi kosa haliko ofisini.

Jumanne, 14 Aprili

Honi imelia kwenye arobaini.

Nilikuwepo Rhotia kwa shughuli ya vipimo vya mvua, nikaisikia kutoka mbali, nikashuka mbio. Nilipofika maji yalikuwa arobaini na tatu. Mzee Tluway alikuwa amesimama kando ya nguzo, mikono nyuma. Kwenye benchi za Germana walikaa watu wasiopungua kumi, vikombe mkononi.

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Josephati, alinivuta pembeni akaniuliza wazi: "Mitambo yenu ni mizima?"

Nikamwambia, "Ni mizima. Nimeipima."

"Basi tumeelewana," akasema.

Naandika hapa ninachoamini leo: nadhani ni Mzee Tluway.

Ijumaa Kuu, 17 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Njia ya Msalaba tumeifanyia ndani.

Jumapili, 19 Aprili

Pasaka. Wali na maharage kwa mama mdogo Antonia, ng'ambo. Kurudi, honi ilikuwa inalia na maji yalikuwa ya vifundoni. Watu wote walivuka bila kugeuza shingo. Mzee Tluway aliwaita mara moja, kisha akanyamaza. Nami nilivuka.

Jumatano, 22 Aprili

Nitaandika leo yote, maana sitaki kuisahau ilivyokuwa.

Asubuhi ilikuwa na jua safi Rhotia. Nilikuwa kwenye mwinuko upande wa Karatu, nikisoma kipimo cha mvua, ambacho kilikuwa kikavu. Ng'ambo, akinamama wa soko walikuwa wanateremka na vikapu. Huku kwetu alikuwa Olais, kijana wa Kimaasai anayeshusha punda kutoka Ngorongoro. Punda wake walikuwa wamesimama mbali na maji, masikio mbele.

"Huvuki?" nikamuuliza.

"Punda wamekataa. Mimi na punda hatubishani." Kisha akaonyesha kwa fimbo juu kwenye msitu wa Ngorongoro, ambako ukungu ulikuwa mweusi chini. "Kule mvua haijakatika tangu jana."

Honi ikalia. Akinamama ng'ambo wakacheka, na mmoja akapaza sauti, "Germana, bandika birika."

Mzee Tluway alitoka uani akishuka haraka, si kwa mwendo wake wa siku zote. Alipunga mikono yote miwili. "Antonia, subiri. Leo siyo ile. Rudi."

"Kila siku si ile," mama mdogo akajibu, akapandisha kanga, akaingia.

Alipoingia, maji yalikuwa magotini. Sijui niliandikeje hili. Sikuona wimbi. Niliona tu rangi ya maji ikibadilika kutoka kahawia ya maziwa kuwa kahawia ya udongo, na matawi yakija yamelala. Alipofika katikati yalikuwa kiunoni. Kikapu kikaenda kwanza. Kisha akaenda yeye, bila hata kupiga kelele, kama mtu aliyekaa chini kupumzika.

Mzee Tluway alikuwa na kamba iliyofungwa kwenye nguzo. Sikuwahi kuiona kamba ile wala kujiuliza inafanya nini pale. Alijizungushia mkononi, akaingia kwa kushuka chini ya kivuko, mahali ambapo maji yangempitisha. Wakagongana. Nikasikia jiwe au mfupa. Olais nami tukashika kamba tukavuta, na punda mmoja akaja kusimama nyuma yetu kana kwamba na yeye anahesabiwa.

Mama mdogo alitapika maji, akauliza kikapu kiko wapi. Mzee Tluway alikuwa amechanika mguu kutoka goti hadi kifundo. Germana aliufunga kwa kanga yake mpya, akimsema muda wote: kwamba koti la jeshi alilovaa majini limemfanya gunia, kwamba ana wajukuu, kwamba kuogelea alijifunzia wapi, Mwiraqw gani anaogelea.

"Sikuogelea," akasema. "Nilianguka kwa mpango."

Nguzo ilionyesha mia moja na nne. Honi ilikuwa inalia bado, sauti ile ile ya kila siku. Ndicho kilichonikaa moyoni. Kwa maji ya vifundoni na kwa maji ya kumchukua mtu, watu walisikia sauti ile ile.

Alhamisi, 23 Aprili

Mama mdogo anaendelea vizuri. Amepelekewa uji na Germana.

Jumamosi, 25 Aprili

Mkutano kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Nilidhani watamshukuru Mzee Tluway. Wachache walimshukuru. Lakini mtu mmoja nyuma akasema, "Amemtoa kwenye maji aliyomtia mwenyewe," na sikuona kichwa kilichotikisika kukataa.

Ndugu Josephati alisema: watu wamezoea kuidharau honi kwa sababu inadanganya, mradi umethibitisha mitambo ni mizima, kwa hiyo yupo mtu anayeifanya idanganye, na mtu huyo karibu amuue Antonia. Mlinzi asimame kazi hadi ajulikane.

Kisha wazee wakasema lao. Kwa mkosaji asiyejulikana wana njia: wanakutana asubuhi na mapema, mmoja anatamka laana, wote wanaitikia, na laana yenyewe inatembea hadi inamfikia. Katekista aliomba waache. Mzee mmoja akamwambia kwa upole kwamba hata mvua hutafuta bonde lake yenyewe. Wakapanga Jumamosi ijayo.

Mzee Tluway alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa. Wote walimtazama. Akatoa ufunguo wa sanduku mfukoni, akamkabidhi Mwenyekiti. Akasema, "Laanini. Mimi nitaitikia wa kwanza, na sauti yangu mtaisikia."

Nimelala kitandani bila usingizi nikiifikiria sauti ile. Mtu mwenye hatia angelia, angekasirika, angetafuta katekista. Yeye alikubali kama anayekubali kukaribishwa chakula.

Na aliyesema mitambo ni mizima ni mimi.

Jumanne, 28 Aprili

Chipu iliyo juu ya bati haijakamilika, lakini Bwana Valeriani anarudi kesho na nilitaka kila kitu kiwe tayari. Kwanza nikaandika vipimo vya mvua vya Aprili. Kompyuta ikakataa: diski imejaa. Nikatafuta cha kufuta. Nikaona faili ya namba za chipu, HONI.HEX, nikasema hii naweza kuitengeneza tena kwa dakika moja. Nikaifuta, nikaingiza vipimo.

Kisha nikaendesha asembla ili kuirudisha. ASM HONI.AZZ. END OF ASSEMBLY. Nikaita programu ya kuandikia chipu, nikaipa jina la faili.

NO FILE.

Faili haipo. Nikadhani nimekosea jina. Nikarudia asembla. END OF ASSEMBLY. NO FILE.

Nikaondoa mikono kwenye kibodi, nikatazama kioo. Herufi tatu zilikuwa zimekaa pale: A, Z, Z. Soma, usiandike namba, usiandike nakala. Nimeiagiza ikague, nayo imekagua. Sikuiagiza iandike, haikuandika. Tangu tarehe 9 Machi haijaandika hata mara moja. Faili niliyokuwa naiweka kwenye chipu, na kuilinganisha na chipu, na kuirudia kuilinganisha, ilikuwa ya Bwana Valeriani ya mwaka jana, yenye arobaini ndani yake. Sawasawa mara mbili. Ya kale ilikuwa sawasawa na ya kale.

Mashine hii haiweki tarehe kwenye faili. Mimi ninayeandika tarehe hata siku ya kununua sabuni sikuwahi kuiuliza faili ile umri wake.

Nikaandika ASM HONI.AAZ. Taa nyekundu ya diski ikawaka, na ndani yake kukawa na mkwaruzo mdogo, kama panya kwenye gunia. Sauti ya kuandika. Hapo ndipo nilipogundua kwamba msimu mzima sikuwa nimeisikia, na ukimya wake nilikuwa nauona ni dizeli niliyookoa.

Nimekaa mpaka jenereta ikaanza kukohoa. Sikuwa na haraka ya kuizima.

Jumatano, 29 Aprili

Bwana Valeriani amefika. Nimemwonyesha. Hakugomba. Alivua miwani akaifuta, akasema, "Nami nilikufundisha Z kabla ya kukufundisha A."

Halafu akasema, "Tubadilishe chipu kimya kimya. Honi ikitulia, maneno yataisha yenyewe. Tukiwaambia ni herufi, watasema hata kuandika hatujui, na mradi huu wako wanaotaka ufungwe."

"Na Jumamosi?"

"Wewe Mkatoliki. Unaogopa laana?"

"Siogopi laana, Bwana Valeriani. Naogopa Mzee Tluway akiitikia."

Akazungusha miwani, akaivaa. Akasema gari lina mafuta ya kufika Rhotia na kurudi.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimemkuta uani akichonga mpini, mguu juu ya benchi. Honi imezimwa na kamati. Germana alikuwa amefunika jiko. Nikamweleza yote. Hakuacha kuchonga.

"Kwa hiyo mashine ilifanya ulichoiambia."

"Ndiyo, aako."

"Na mimi nilifanya mlichoniambia. Ila mashine hamkuiita mwizi wa chai."

Akageuza mpini upande wa pili.

"Na Josephati alipokuuliza kama mitambo ni mizima?"

"Nilisema ni mizima. Niliamini."

"Na kuhusu mimi, uliamini nini?"

"Niliamini ni wewe."

Germana aliyekuwa mlangoni akasema, "Afadhali huyu anasema. Wengine wanakuja kunywa chai yangu na bado wanaamini."

Mzee Tluway akapuliza vumbi la mti kwenye mpini. "Keshokutwa utayasema haya mwenyewe, au atasema yule mwenye miwani?"

"Nitayasema mimi."

"Basi vaa viatu vya kufunga. Kule alfajiri kuna umande."

Jumamosi, 2 Mei

Umande ulikuwepo kweli.

Nilijiuliza usiku nitawaelezaje watu herufi tatu, nikaona njia moja. Nilipopewa nafasi nilisema hivi: "Wazee wangu, shikamooni. Ni kama mpishi. Nilimwambia pika, onja chumvi, lakini usipakue, kwa sababu nilikuwa nabana mkaa na sahani. Akapika, akaonja, akaniambia chakula ni kizuri. Nikaenda mwenyewe kwenye kabati, nikatoa sahani niliyoikuta, nikawaletea ninyi. Kila mara. Ilikuwa kiporo cha mwaka jana. Mzee Tluway hakuligusa boya. Aliyewalisha kiporo ni mimi."

Bibi mmoja akauliza, "Na hukusikia harufu?"

"Hakina harufu, bibi. Hiyo ndiyo shida yake."

Wakaanza kucheka, si wote, wala si kwa ubaya wote. Mama mdogo Antonia hakucheka. Alisimama, akapita katikati ya watu, akaenda akamshika Mzee Tluway mkono kwa mikono yake miwili, akakaa chini karibu na kigoda chake.

Ndugu Josephati akasema basi laana haina kazi, mkosaji amejileta. Lakini mzee aliyekuwa aongoze akasema jambo likifunguliwa hadharani lifungwe hadharani, na mwenye kudai ni Tluway. Adai anachotaka.

Mzee Tluway akafikiri. "Honi imezimwa mpaka akili yake mpya ikauke," akasema. "Mpaka siku hiyo maji yanahitaji macho. Karani aje akae nami kwenye mwinuko, kila siku mvua inyeshapo. Asikie baridi ninayoisikia. Basi."

Mwenyekiti akamrudishia ufunguo. Aliupokea, akautazama pande zote mbili, kisha akautia mfukoni.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua. Kivukoni tangu saa kumi na mbili.

Jumanne, 5 Mei

Mvua. Kivukoni.

Ijumaa, 8 Mei

Mvua. Nimejua sasa kwa nini anavaa koti hata juani: baridi ya maji imemkaa mifupani, haitoki kwa jua. Nimejua pia kwamba anajua maji ya juu kwa povu lake, na kwamba hakuwahi kuniambia kwa sababu sikuuliza. Nikamwambia angeniambia. Akasema, "Wewe ulikuwa na kitabu. Na povu nalo limewahi kunidanganya, ndiyo sababu niliipenda honi."

Germana ananipa chai kila saa. Leo nimechota maji yake, nikapasua kuni. Anasema napasua kama ninayeomba radhi kwa gogo.

Jumatatu, 11 Mei

Jua. Bwana Valeriani mwenyewe amepanda ngazi kugeuza kopo.

Alhamisi, 14 Mei

Jua siku ya nne. Kijiji kizima cha Rhotia sasa kinauliza habari za kopo. Mtu wa trekta alisimamisha trekta barabarani aulize, "Imesahau?" Nikamwambia bado kidogo.

Jumamosi, 16 Mei

Imesahau. ASM HONI.AAZ. Nikasikiliza mpaka mkwaruzo ukaisha. Kabla ya kuandika chipu nikafungua namba zenyewe kwenye kioo, nikatafuta mahali pa alama. Chipu huhesabu kwa mtindo wake: arobaini ya kwetu ni 28 kwake, na sitini na tano ni 41. Nimeona 41 kwa macho yangu. Nikamwita Bwana Valeriani naye aione. Nimeifunga sandukuni alasiri, Mzee Tluway akishika ufunguo.

Jumatano, 20 Mei

Pengine hii ndiyo mvua ya mwisho. Ilianza alfajiri, na saa mbili akinamama wa soko walikuwa wameshajipanga ng'ambo. Maji yalipanda polepole. Thelathini na tano. Arobaini.

Honi kimya.

Arobaini na nne. Hamsini. Kimya. Hakuna aliyevuka. Watu waliovuka siku za Pasaka honi ikiwapigia kelele, leo imenyamaza na wamesimama kama nguzo. Mama mdogo Antonia alikuwa mbele, kikapu kipya kichwani, macho kwenye maji.

"Mbona hailii?" akaita.

"Kwa sababu hakuna cha kulilia," Mzee Tluway akamjibu.

"Nani anasema?"

Alikunja suruali, kovu lake jekundu likaonekana, akaingia taratibu akichechemea kidogo. Akafika katikati ya sakafu ya mawe akasimama. Maji yalikuwa chini ya goti. Akageuka huku kwetu.

"Karani. Akili ni yako. Njoo."

Nikavua viatu, nikaingia. Maji yatokayo msituni ni baridi kuliko nilivyokumbuka. Mawe yalikuwa imara. Nilipomfikia alinipita kwa macho, akaangalia nguzo, akaniangalia tena. Hamsini na mbili. Tukasimama pale wawili, tukisikiliza kitu kisicholia. Kisha mama mdogo akapandisha kanga, akaja, na wengine nyuma yake mmoja mmoja, bila maneno, hadi walipokanyaga upande huu ndipo wakaanza kuongea wote kwa pamoja.

Hawakusimama. Soko lilikuwa linawangoja. Walipita mbele ya uwanja wa Germana wakimsalimia, "Kwema, mama? Tumechelewa," na wakaenda zao.

Nilipanda na viatu mkononi. Benchi tatu zilikuwa tupu, maana hata upande huu hakuna aliyekwama. Birika lilikuwa limejaa linachemka, maandazi yamepangwa kwenye sinia hayajaguswa. Germana alikuwa amesimama mikono kiunoni, akiwatazama mpaka wakapotea kwenye mahindi.

"Umemrudishia mume wangu jina lake," akasema, "ukanichukulia wateja wangu."

Nikasema samahani.

"Samahani ya nini? Kaa." Akafuta benchi kwa kanga, akamimina vikombe viwili, cha kwanza akampa mumewe aliyekuwa anapanda akichechemea. Cha pili akakisukuma mbele yangu.

"Kunywa," akasema. "Nimeipika leo."